Mstari Mmoja katika Daftari la Korongo

Tarehe 9 Novemba 1978 hakuna mtu aliyehesabu korongo kule Kasenyi. Mimi ndiye niliyepaswa kuwahesabu, na siku hiyo nilikuwa Bunia, ninamzika mke wangu.

Kazi niliianza mwaka 1973, na cheti cha shule ya msingi tu. Siku ya kwanza chef de station, mkuu wa kituo, alinipa darubini na daftari, akanipandisha kwenye kilima kando ya ziwa.

"Hesabu ndege zote zenye kupita," akasema.

Jioni nikamletea jibu: moja, ile ya kutoka Kisangani. Alicheka mpaka akakaa chini. "Citoyen, ndege ya manyoya, hapana ya moteri!"

Korongo weupe hutoka Ulaya wakifuata Nile. Hawapendi kupiga mabawa. Hutafuta hewa ya moto inayopanda, huzunguka ndani yake mpaka juu sana, kisha huteleza kwenda kusini. Marubani wa Bunia walitaka kujua saa za korongo kupita, wasigongane nao angani, ndiyo sababu tuliwaangalia. Kila siku ilikuwa na hesabu yake. Zéro ilimaanisha: niliangalia, sikuona kitu. Mstari ulimaanisha: hakuna aliyeangalia.

Niliporudi kutoka matanga nilitia mstari. Chef akakasirika.

"Tia zéro tu! Huyu mustari itaonyesha inspecteur kama poste ilikuwa wazi, bila mutu."

"Chef, sikuangalia."

"Basi utaenda Niania. Kule mu pori utahesabu miti!"

Nilikuwa na watoto wanne, na mama yao hayuko tena. Ningewaacha na nani? Nilishika kalamu kweli. Halafu nikairudisha mezani.

Inspecteur, mkaguzi wa vituo, alikuja Januari, akafungua ukurasa ule, akauliza. Nikamweleza. Akamgeukia Chef: "Na weye ulikuwa wapi? Macho si uko nayo?"

Niania sikupelekwa.

Nilikaa Kasenyi miaka mingine tisa, nikastaafu, nikarudi nyumbani Bigo. Kazi ile ilinipendeza. Nimeona korongo wengi kuliko watu wote ninaowajua.

Mwaka 1988 Chef, naye mzee tayari, alikuja kwangu. Akavua kofia, akakaa.

"Matanga yako sikukuja," akasema. "Mama ya batoto, jina yake ilikuwa nani?"

"Albertine."

Akalirudia jina mara moja, polepole. Kisha tukanywa chai.