Mlango wa Warigia

Figo zilipomharibikia Warigia, fundi wa sare za shule pale Endarasha, alidhani maisha yake yote yameharibika. Mwaka mzima aliamka alfajiri mara mbili kwa wiki, akaenda Nyeri mjini kulala kando ya mashine ya kusafisha damu, akarudi jioni yuko hoi, kama nguo iliyokamuliwa. Cherehani ikashika vumbi. Wateja wakamhama kimyakimya.

Kisha daktari akamfundisha kujisafisha damu nyumbani. Aliwekewa mpira mwembamba tumboni. Mara nne kwa siku alitundika mfuko wa maji ya dawa kwenye msumari, yakaingia tumboni, yakakaa humo saa kadhaa yakivuta uchafu, kisha akayatoa na kuweka mengine. Nusu saa tu, naye huyo amerudi kwenye cherehani. Hakuna safari, hakuna sindano. Hata ndizi alizokatazwa enzi za mashine sasa aliruhusiwa kuzila. Sharti lilikuwa moja, na halikuwa na mchezo: mlango ufungwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na asiguse kitu kingine mpaka amalize kuunganisha mpira.

Miezi kumi na minne Warigia alishona, akanenepa mashavu, akaanza tena kugombana na mumewe, Theuri, kama mtu mzima wa afya. Lakini Endarasha mgonjwa hajifungii. Mgonjwa huonwa. Akina mama wa kanisa walikuja na sukari na unga, wakaambiwa wangoje nje. Walingoja, wakanuna, wakaenda kumsema. Ati anaringa. Ati kuna kitu anaficha. Maneno hayo yalimfikia yote, na yalimuuma kuliko sindano.

Jumamosi moja wakaja kumi na wawili, mwenyekiti wao Monicah akiwa mbele. Theuri alikuwa shambani. Warigia ndio kwanza alikuwa amenawa na kuketi.

"Mama Gatimu!" Monicah akamwita kwa jina la mwanawe. "Hata leo utatufungia? Kwani sisi tuko na ugonjwa?"

Wenzake wakacheka. Warigia alishikwa na aibu, akainuka, akafungua.

Waliingia wakiimba, na kila mmoja akampa mkono, maana kwao asiyepewa mkono hajasalimiwa. Wakaomba, wakaomba tena. Monicah akauona mfuko msumarini.

"Endelea na kazi yako, mama. Sisi ni watu ya nyumbani."

Beseni na sabuni vilikuwa pale pale kando ya kitanda. Warigia alivitazama. Kunawa mbele ya watu uliowapa mkono sasa hivi ni kuwaambia wazi kwamba ni wachafu. Hakunawa. Akafungua kifuniko cha mpira, akaunganisha.

Siku ya tatu maji yalitoka na ukungu, na tumbo likawaka moto. Hospitalini walisema vijidudu vimeingia tumboni, wakauondoa mpira. Tumbo limeingia makovu, wakasema, halitapokea mwingine. Warigia akarudishwa kwenye mashine, na shule zikatafuta fundi mwingine.

Jumapili iliyofuata Monicah alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwamba mgonjwa wao sasa yuko kwa wataalamu. Theuri akazipeleka habari hizo nyumbani, akitafuta namna ya kumtuliza mkewe.

"Wasamehe tu, Mama Gatimu. Hawakujua."

"Hao hawakujua," Warigia akajibu. "Mimi nilijua. Maji ilikuwa hapo, sabuni ilikuwa hapo, na mimi nikaona haya."