Haja ya Jirani Kabla ya Jumapili

Tangu nichaguliwe kuingia baraza la manispaa, sijui tena kutulia. Nikikaa, goti linacheza. Nikilala, nnahutubia dari. Mama ananiita "mheshimiwa" kwa kunikejeli, hasa nikiacha vyombo mezani.

Safari hii kilichoninyima raha ni kivuko cha barabara. Barabara inayopita mtaani kwetu, hapa Ansab, huku Uarabuni, ni pana, na aliyeichora alidhani kila mtu ana gari. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, wadada wa Kiganda wanaofanya kazi majumbani hupata ruhusa ya kwenda kanisani mtaa wa Ghala, na basi linawachukulia ng'ambo ya barabara. Siku moja nilimkuta mmoja wao, wa nyumba ya jirani yetu, amekwama katikati ya magari, kiatu kimoja mguuni, kingine kimeshasagwa na lori. Nikasimamisha gari, honi zikanivamia nyuma. Akaingia garini.

"Madam, hapa tunavuka na Mungu tu," akaniambia.

Wallahi nililia kwa hasira. Nikaandaa pendekezo la kuwekwa taa za wanaokwenda kwa miguu, lisomwe barazani Jumapili, wiki ya kazi ikianza.

Alhamisi jioni akaja jirani huyo huyo, rafiki wa baba tangu utoto wao Unguja. Mimi namwita ami. Baba akammiminia kahawa. Ami akakiweka kikombe chini, hakukigusa.

"Kunywa bwana," baba akasema.

"Nna haja."

Kwa desturi ya hapa, mgeni akiizuia kahawa namna hiyo, mwenye nyumba huona aibu hata kuuliza ni haja gani. Na sisi tuliotoka Unguja, tuliochekwa miaka yote kwamba Uarabu wetu umechujuka, ndio tunaoishikilia desturi hiyo kuliko wenyewe. Baba akajitutumua.

"Kunywa. Haja yako imeshatimia."

Ami akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha kimemtosha, ndipo akasema. Hataki taa. Zitakuwa mbele ya ukuta wake, na kila Ijumaa wafanyakazi watajazana pale. Binti aliondoe pendekezo lake, khalas, yaishe.

Ala! Nilikuwa nimesimama na sahani ya haluwa, nikaitua kwa kishindo. Baba hakuniangalia. Ami alipoondoka tu, nikalipuka.

"Baba, umemuahidi kitu hujakisikia!"

"Nimeshampa neno langu."

"Umempa lako. Langu ndilo watu walilonipigia kura."

"Utaniaibisha, mwanangu," akasema taratibu, na ule upole ulinikata maini kuliko kama angenigombeza. Nnampenda baba yangu. Ijumaa nzima nilizunguka nyumba, nafungua friji nafunga, naanza kumwandikia baba ujumbe nafuta. Jumamosi mama akanionea huruma akaosha vyombo vyangu.

Jumapili nikatoka na abaya yangu mpya na viatu vya kisigino. Gari ya baba ilikuwa imeegeshwa nyuma ya yangu, imeigusa kabisa. Nikaomba ufunguo wake niisogeze. Baba akaendelea kutafuna mkate wake. Mama akaangalia sufuria.

Haya basi. Nikaita teksi, dereva akasema yupo ng'ambo, na akizunguka mpaka kwetu nitachelewa. Nikatoka getini kwa miguu, nikashuka mpaka ukingoni mwa barabara. Sijawahi kusimama pale bila gari. Magari yalipita yakinivuta abaya, nikanyanyua mguu nikaurudisha, mara ya pili hivyo hivyo. Niliogopa, sifichi.

Simu ikalia. Baba. Nikapokea nikigeuka, nikamwona juu ya paa la nyumba, kanzu inapepea, mkono hewani.

"Usivuke hapo!" akapiga kelele. "Watakugonga, mwanangu! Hapo hapavukiki!"

"Hayo ndiyo nnayokwenda kuwaambia, baba," nikamjibu, nikavua viatu, nikavuka.