Santuri Iliyofunga Milango

Juzi nilikuwa Same mjini kwa binti wa kaka yangu. Tulikuwa sebuleni tunachambua maharage, mlango wazi kwa sababu ya joto. Kijana wa bodaboda akaegesha nje kumsubiri abiria wake, redio inaunguruma. Ukaanza wimbo ambao sijausikia miaka mingi. Gitaa lilitangulia peke yake, zito, linalia polepole, kisha ule mdundo ukaingia chini yake. Kabla sijajijua nilikuwa nimeinuka, nimeusukuma mlango na kukaza komeo.

"Shangazi, unafunga nini na joto lote hili?"

Ningemjibu nini, rafiki yangu? Ngoja nikueleze wewe.

Nililelewa Mamba, milimani, kwa bibi mzaa mama, miaka ile ya Ujamaa. Asubuhi zetu zilikuwa za ukungu na harufu ya tangawizi mbichi, na jioni makande yalichemka taratibu huku tukigombania ukoko. Bibi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mjomba wangu, aliyeteremka tambarare kukata mkonge akaishia kupiga gitaa. Kule shambani walikusanyika watu wa kila pembe ya nchi, wakaunda bendi. Mtoto wa meneja Mgiriki alikuwa na santuri za Wamarekani weusi, magitaa ya umeme yanayolia kama mtu aliyefiwa, na mjomba akayaiga mpaka vidole vikaota sugu. "Gitaa halipalilii shamba," bibi alimsema, lakini akija nyumbani, paja la kuku lilikuwa lake.

Bendi ikaenda kurekodi Nairobi. Santuri yao ya kwanza, ile sahani kubwa, ikavuma ghafla kuliko walivyoota, redio haikumaliza jioni bila kupiga wimbo wa upande wa kwanza. Jumapili moja mjomba akatuletea. Kwenye jalada walikuwa wamevaa suruali za bugaluu, pana miguuni, ambazo vijana wa chama wangewachania mchana kweupe. Baada ya ibada kijiji kizima kilijaa uani kwa mwalimu, mwenye gramafoni ya betri. Upande wa kwanza tulicheza mpaka vumbi likatimka. Bibi alitikisa bega moja tu, nami nilijua moyo wake unapasuka kwa fahari.

Mwalimu akageuza sahani.

Nikuambie kwanza kwamba kwetu kulikuwa na msitu wa jando, na ngoma ya humo ilikuwa na mdundo wake. Ikisikika, kila mwanamke huingia ndani na kufunga mlango mpaka inyamaze. Ngoma hiyo ilikuwa kimya kwa miaka, wachungaji walishaikemea, na wote tulikuwa tumebatizwa. Lakini gitaa lilipolia na ule mdundo ukaingia, niliona wanawake wazee wakisimama mmoja mmoja, vitabu vya nyimbo za kanisani kwapani, wakaondoka. Bibi alinishika mkono akanivuta. Mteremko mzima nilisikia milango ikifungwa, pa, pa, jua likiwa utosini. Niliogopa, na sikujua naogopa nini.

Jioni wazee walikuja. Hawakufoka, na hilo lilinitisha zaidi. Walimtaka mjomba abaki, kondoo achinjwe, msitu uombwe radhi.

"Maneno ya msituni sikuyatoa, wazee wangu," mjomba alisema. "Nimechukua mdundo tu, tena nimeutia kwenye gitaa. Gitaa si ngoma."

"Wake zetu hawakusikia gitaa," mmoja alimjibu.

Mjomba akacheka. Nairobi walikuwa wanawasubiri kwa sahani ya pili, angerudi kabla ya masika. Kesho yake bibi alimfuata njiani akimkokota kondoo wake mwenyewe. "Kaa, mwanangu. Kondoo ninaye." Aliondoka na gitaa lake. Bibi alibaki ameshika kamba.

Masika hayakuja. Bwawa letu la kumwagilia, ndiva, likabaki tope lenye nyufa. Tukasikia mpiga tumba wa bendi ameugua ghafla akafa. Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa, na habari za mjomba zikakatika kabisa. "Asiyesikia la mkuu," jirani alisema, akamwona bibi, akameza iliyobaki.

Wimbo ule wa upande wa pili haukukatika. Redio ya jirani ilipoupiga, bibi alifunga mlango kama mila inavyotaka, akakaa kigodani na sikio lake juu ya mbao. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Nimeambiwa nifunge mlango," alisema. "Sikuambiwa nisimsikilize mwanangu."

Ukiisha alifungua, akachungulia njia ya bondeni, ndipo akaenda kumlisha kondoo. Kondoo yule alizeeka hadi akafa. Bibi naye akafuata, na mjomba hajarudi hadi leo.

Siku hizi ule msitu ni shamba la tangawizi. Wazee wamekwisha, na vijana hawajui kwamba wimbo ule uliwahi kuwafungia bibi zao ndani. Inaniuma, ingawa woga ule siutamani. Juzi niliegemeza sikio kwenye mlango wa watu hadi gitaa likanyamaza, mtoto wa kaka akinitazama kana kwamba nimepagawa. Kisha nikafungua, nikachungulia barabarani. Bodaboda ilishaondoka, hapakuwa na mtu.