Ndevu za Akina Shamsuddin

Harufu ya kitambaa kipya, ile ya wanga na vumbi jepesi, hunirudisha Ngara kwenye duka la baba, mwaka ule mdogo wangu alipozaliwa kabla ya miezi yake kutimia.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa hospitalini na mtoto, kwa hiyo nikitoka shule nilishinda dukani, nimekaa juu ya majora ya vitambaa nikitafuna mahindi ya kuchoma. Baba alikuwa amempa mtoto jina la Shamsuddin, jua la dini. Jirani yetu muuza mboga, Mama Wanjiru, alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Baba Zuhura, si hiyo jina ni kubwa kumshinda! Kwani ako kilo ngapi?"

Baba alicheka pia. Bibi hakucheka. Alipowasili kutoka Lamu alipitia kwanza hospitalini, akamwona mjukuu wake ndani ya kisanduku cha kioo, kisha akaja dukani na buibui lake lina vumbi la safari.

"Mwanangu, jina hilo linamlemea mtoto. Mwite Juma, apate kupumua."

Kwetu pwani mtoto akizidi kuugua hubadilishwa jina, na hakuna anayeona ajabu. Baba, ambaye hakuwahi kumpinga mama yake, alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Nivumilie, mama," akasema. "Mwache kwanza arudi nyumbani."

Nilimkasirikia bibi, lakini moyoni niliogopa asije akawa anasema kweli. Nikamuuliza baba kama kuna mtu aliyewahi kulibeba jina hilo.

Basi akawa ananisimulia huku akipima vitambaa. Kulikuwa na Shamsuddin aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akaja kuwa sultani wa Delhi. Kulikuwa na yule wa Jerusalem, aliyezunguka nchi nyingi na kuandika aliyoyaona. Na yule wa Dameski, aliyeandika habari za watu wa kale mpaka macho yakamwishia. Kila kisa kilifika pale pale: "Akazeeka, ndevu zikawa nyeupe, zikamfika kifuani."

Zilinichosha ndevu hizo. Mimi nilitaka farasi na vita.

"Baba, hakuna hata mmoja aliyekufa mdogo?"

Mkasi ulisimama. "Mimi simjui," alisema, akanigeuzia mgongo na kuanza kupanga majora yaliyokwisha kupangwa.

Mtoto alirudi nyumbani, mwembamba lakini mwenye kelele. Bibi alimpokea mlangoni. "Karibu, Shamsuddin wangu!" Ungedhani jina kalichagua yeye, na nani angethubutu kumkumbusha?

Ukubwani niliwatafuta watu wale vitabuni. Niliwakuta wote, sultani, msafiri na mwandishi, na mambo yao kama baba alivyosema. Ndevu za kufika kifuani sikuzikuta popote. Baba ndiye aliyewaotesha ndevu, mmoja baada ya mwingine, pale pale dukani, na mimi nilidhani ananifundisha historia.

Juzi Shamsuddin alitutembelea, kidevuni ana vinywele vichache anavyojivunia kupita kiasi. Nilifungua mdomo nimtanie. Kisha nikamwona baba amemshika kidevu kwa vidole viwili, machozi yanamtoka. Nikauacha utani.