Mgeni wa Mama

Mkuu wa kituo chetu aliniita asubuhi moja akaniuliza kama kile chumba changu cha nje kilikuwa bado hakijapata mpangaji. Nilikuwa nafundisha watoto wenye ulemavu katika kituo kidogo hapa Kitengela, kule ambako malori ya mawe hupita kutoka machimboni na vumbi lake linatua hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nikamwambia chumba kiko.

"Kuna mama anakuja kutoka Kanada," akasema. "Alikuwa anafanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini, sasa amestaafu. Anatumwa na shirika la Wayahudi la kwao. Wako na watu wa kujitolea kila mahali. Huyu amechagua kuja kwetu."

"Myahudi?" nikauliza. "Myahudi wa Biblia?"

"Myahudi wa Kanada," akajibu. "Na chakula chake kiko na masharti, kwa hivyo mkaribishe polepole."

Wakati huo niliishi na mama yangu. Watoto wangu walishatoka nyumbani, na mama aliletwa kwangu kutoka Machakos baada ya kupooza upande wa kulia. Siku nzima alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebule, Biblia yake ya Kikamba mapajani na lenzi ya kukuzia maandishi mkononi. Nilipomwambia ni mgeni gani anakuja, aliitoa miwani, akaipangusa na kuivaa tena.

"Ukoo wa Ibrahimu watalala kwa hiyo chumba ya nje?" akaniuliza. "Si ata upake rangi."

Nikapaka rangi. Siku ya mgeni kufika nikachinja jogoo, nikampika kwa nazi na dania, nikapika na chapati. Akashuka mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na viatu vya kutembelea milimani. Alijifunza Kiswahili kwa simu, Kiswahili cha mbali ambacho hapa kwetu hatukitumii. Aliingia sebuleni, akainama mbele ya mama na kusema, "Shikamoo, Mama."

Mama akamwangalia. Huku kwetu hakuna mtu humsalimia mwingine hivyo. Baada ya kufikiria kidogo akajibu, "Mzuri sana."

Kisha ikaja aibu ya jogoo. Mgeni alitazama sahani, akaweka mkono kifuani, akaeleza kwa Kiswahili chake na Kiingereza nilichokuwa natafsiri kwamba nyama anayokula lazima ichinjwe na mtu wa kwao aliyefunzwa, kwa njia yake, na kwamba haichanganywi na maziwa hata kidogo. Akiwa safarini hagusi nyama kabisa. Mboga, mayai, maharagwe, ugali, hivyo vyote sawa, ila kwa sufuria yake mwenyewe aliyokuja nayo. Aliomba msamaha mara nyingi hadi nikaanza kumwonea huruma. Mimi nilikuwa nimeumia kidogo, sitaficha. Jogoo yule alikuwa mzuri.

Lakini mama alikuwa tayari anafunua kurasa. Alifika Mambo ya Walawi, akaweka lenzi juu ya mistari, akasoma midomo ikicheza bila sauti. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki hai.

"Kumbe bado wanafuata!" akasema. "Mimi nilidhani haya mambo yaliisha."

Tangu siku hiyo mama akawa askari wa jikoni. Kiti chake kikahamishwa, kwa amri yake, hadi mahali alipoweza kuona jiko la gesi kupitia mlango. Nikigusa tu ile sufuria ya bluu ya mgeni nilisikia, "Hiyo si yako! Na hicho kijiko umetoa wapi? Si ndio umekoroga nacho nyama?" Mgeni mwenyewe hakuwa mkali hivyo. Mara moja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake mzazi alikuwa hivi hivi, hadi yeye akamkimbia mpaka mji mwingine.

Kituoni alifanya kazi kimyakimya. Akina mama Wamasai waliotoka upande wa Isinya na watoto migongoni walimsalimia "Sopa", naye akajifunza kuwajibu "Ipa". Hakuleta maajabu. Aliketi sakafuni na mtoto, akashika mguu, akaukunja na kuunyoosha, akamwonyesha mama wa mtoto jinsi ya kufanya vilevile nyumbani, kisha akamwachia mama afanye huku yeye akitazama. Hakuna mama aliyeondoka bila kushika mguu wa mtoto wake mwenyewe kwanza. Alisema yeye ataondoka, lakini mama wa mtoto atabaki.

Jioni akirudi aliendelea na mguu wa mama yangu. Walikuwa na lugha yao wawili, nusu Kiswahili cha simu, nusu Kikamba, nusu ishara. Mama alimuuliza maswali aliyoyaweka moyoni tangu utotoni. Mto Yordani ni mpana kama Athi? Yeriko kuna joto? Mgeni akamwambia alikwenda huko mara moja tu, akiwa msichana, na kwamba mto wenyewe si mpana. Babu na bibi zake walitoka nchi ya baridi huko Ulaya, wakakimbilia Kanada, na ndugu zao waliobaki nyuma waliuawa wote kwa sababu ya Uyahudi wao.

Mama aliiweka lenzi kando. Halafu akauliza, "Wote?"

"Wote, Mama."

Mama akauchukua ule mkono uliokuwa unanyoosha mguu wake na kuushika. Mazoezi ya jioni hiyo yakaishia hapo.

Siku ya Ijumaa, kabla jua halijazama, mgeni aliwasha mishumaa miwili mezani, akafunika macho kwa viganja na kunong'ona maneno ya kwao. Mara ya kwanza mama alipiga kelele kutoka kwenye kiti, "Stima zimepotea tena?" Baadaye akazoea, akawa ndiye anayekumbusha. "Jua linashuka, muite aache hiyo kazi." Kuanzia mishumaa hiyo mpaka nyota za Jumamosi jioni, mgeni hakushika simu, hakupanda gari wala boda, hakupika. Alisoma, alilala, alikaa barazani na mama.

Mama hakuweza kukaa na siri kubwa kama hiyo. Mchungaji alipomtembelea kumletea meza ya Bwana, mama alimweleza yote, na Jumapili iliyofuata mgeni akaalikwa kanisani. Alikubali kwa adabu, akaketi nyuma. Baada ya ibada mchungaji akamwomba asimame mbele awawekee watu mikono, awabariki kwa baraka za Ibrahimu. Nikaona mstari umeshaanza kujipanga, na mbele kabisa alikuwa mama mmoja muuza mboga, akichechemea.

Mgeni aligeuka rangi. Akaniambia nitafsiri. "Mwambie mchungaji nimeheshimika sana. Lakini mimi si kuhani, na baraka niliyo nayo si kubwa kuliko yao. Yeye anaongea na Mungu huyo huyo kila siku." Akamtazama yule muuza mboga. "Ila huyu mama, goti lake linauma. Goti ninaweza kuangalia."

Mchungaji alisita, kisha akacheka kwa sauti kubwa, na watu wakacheka naye. Benchi likatolewa nje chini ya kivuli cha ukuta. Ule mstari wa baraka ukageuka mstari wa magoti, viuno na mabega. Wapo walioondoka wamenuna, sitasema uongo, kwa sababu walikuja kwa jambo jingine. Lakini wengi walibaki, na kila Jumapili baada ya hapo benchi lilikuwa nje kabla hata kwaya haijamaliza.

Mama alianza kusimama. Kwanza akishika meza, kisha akishika mgeni, kisha akafika mlangoni kwa fimbo na kusimama pale akitazama barabara, kama mtu aliyefungua duka jipya. Alimwita mgeni "msichana wangu", na yule msichana alikuwa na wajukuu.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Nikasikia mgeni akiita jina langu, si kwa kelele, lakini kwa namna iliyonifanya nidondoshe nguo kwenye mchanga. Mama alikuwa ameinama upande mmoja wa kiti na mdomo umelegea. Mgeni alikuwa ameshamshika kichwa, na mkono wake mwingine ulikuwa na simu sikioni, anampigia jirani yetu mwenye gari. Mimi nilisimama tu. Hata katika hofu ile niliona simu na nikakumbuka ni siku gani.

"Leo ni Sabato yako," nikamwambia, kama mjinga.

"Kuokoa maisha kwanza," akasema. "Hiyo ndiyo sheria. Shika miguu yake."

Tukampakia mama kiti cha nyuma, mgeni akapanda na kumlaza mapajani. Njia nzima aliongea naye, akimwambia apumue, akimwita Mama. Hospitalini walitupokea haraka, wakafanya walichoweza. Kiharusi cha pili kilikuwa kikubwa. Kabla ya saa sita mchana daktari kijana akatoka, akatuomba tukae, na nikajua.

Sikumbuki vizuri tulivyoingia kumwona. Nakumbuka kwamba mgeni alimfunika mama miguu, kwa sababu shuka lilikuwa fupi.

Tulipotoka nje jirani yetu alikuwa ametufungulia mlango wa gari. Mgeni hakuingia. Alisimama kando, akaniambia taratibu, "Wewe nenda. Mimi nitatembea. Sasa hakuna tena maisha ya kuokoa, na siku bado ni Sabato. Nisamehe."

Niliitazama barabara. Si karibu kutoka pale hadi kwetu, na jua lilikuwa juu. Nikamwambia jirani atangulie, awapigie ndugu zangu na kufungua geti. Nikatembea naye.

Tulipita kwenye vibanda vya mitumba, gereji, mahali pa kuchongea mawe ambapo vijana walikuwa wanapiga nyundo kwa zamu. Watu walitusalimia bila kujua. Mgeni hakusema neno hata moja. Hakuniambia ni mapenzi ya Mungu, hakuniambia mama amepumzika, hakuniuliza ninajisikiaje. Kwanza ukimya huo ulinishangaza, maana kwetu msiba ni maneno na nyimbo. Kisha nikaona kwamba nilikuwa nalia, na kwamba nilikuwa na nafasi ya kulia. Karibu na kona ya nyumbani ndipo nilipofungua mdomo nikasema, "Alikuwa mkali na hiyo sufuria yako."

Akacheka na kulia pamoja. "Sana," akasema. "Mkali sana."

Baadaye alinieleza kwamba kwao anayekwenda kwa mfiwa hasemi kitu mpaka mfiwa aseme kwanza. Siku zilizofuata nyumba ilijaa. Kwaya ilikuja, kina mama wa kanisa walichukua jiko lote, ndugu zangu walikuja kutoka Machakos na Emali. Katikati ya hayo yote mgeni aliketi kwenye kigoda karibu nami, akanyamaza. Nilihitaji nyimbo na nilihitaji kigoda kile pia.

Tulimzika mama kwenye shamba letu dogo upande wa Kajiado, ambako upepo hauna kizuizi. Vijana waliposhika makoleo, mgeni alimwendea kaka yangu mkubwa akamwomba naye apewe koleo. Kaka akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Akachota udongo kwa mgongo wa koleo, si kwa tumbo lake, polepole, kwa shida, kisha akaligeuza na kuchota kama wengine. Kazi hii, alisema, haipaswi kuonekana ya haraka.

Usiku wa mwisho kabla hajasafiri nilimuuliza kwao wanasali nini kwa ajili ya waliokufa. Akasema kuna sala moja ya zamani, na ajabu yake ni kwamba haitaji kifo mahali popote. Inamsifu Mungu tu, mwanzo mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuisema pale kaburini?"

"Hatuisemi peke yetu," akajibu. "Wanahitajika watu kumi wa kwetu. Hapa nilikuwa mmoja."

Akaondoka. Kituoni akina mama wanaendelea kukunja na kunyoosha miguu ya watoto wao bila kusubiri mtu. Kanisani benchi lilirudi ndani, maana hakuna aliyejua kazi ile, ingawa yule muuza mboga bado hufanya mazoezi ya goti nyuma ya meza yake ya sukuma, na huwafundisha wateja wanaotaka na wasiotaka.

Baada ya wiki kadhaa alinitumia ujumbe. Aliniomba nimwandikie jina la mama kama linavyotamkwa, silabi kwa silabi, kwa sababu Kikamba kina sauti ambazo ulimi wake haukuziweza. Nikaandika. Kisha nikaona haitoshi, nikajirekodi nikilitamka, mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu.

Akanijibu Jumamosi, lakini baada ya giza la kwao, kwetu ikiwa ni Jumapili alfajiri. Theluji ilikuwa imeanguka, akasema, na wengi hawakufika sinagogi, hata alihofia hawatatimia kumi. Wakatimia. Akawaeleza kwa kifupi mama alikuwa nani, akalitamka jina lake, nao wakasimama pamoja naye kwa ile sala. Mzee mmoja alimwomba alirudie jina hilo, alitaka kulisema sawasawa.

Nilivaa nikaenda kanisani, nikampelekea mchungaji simu asome mwenyewe.