Siku Chinatsu alipolibomoa jumba la Safina Nyeupe

Saa moja kasorobo asubuhi, umande bado umelala juu ya majani, na watu wa kijiji cha Hirakubo wamekwisha kujipanga kando ya kamba ya njano kana kwamba wamekuja kuangalia fainali ya mpira. Akina bibi wamekuja na mikeka na chupa za chai baridi ya shayiri. Mwenye duka la visu kafunga biashara na kubandika karatasi mlangoni: "Nimekwenda kuona zege likianguka."

Wanayemsubiri ni mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Anapanda kwenye kijiko, lile tingatinga lenye mkono mrefu, anafunga mkanda, anawasha. Mashine inakohoa, kisha inanguruma mpaka vioo vya nyumba za jirani vinatetemeka.

"Dada Chinatsu!" anapaza sauti Mzee Hosaka Yoshinobu, mkulima wa mpunga mwenye miaka sabini na tisa, ambaye kiti chake cha kukunja kiko mbele kuliko vyote. "Ukiendelea kujivuta nitalibomoa mwenyewe kwa jembe!"

"Tulia hapo hapo, Mzee. Mimi nalipwa, wewe utavunjika kiuno bure!"

Watu wanaangua kicheko. Mkono wa kijiko unainuka, nyundo iliyofungwa mbele yake inagonga ukuta mara ya kwanza, na ufa unapanda mpaka kwenye paa. Mtu anapiga makofi. Mwingine anapiga mluzi. Hakuna anayekumbuka lini Hirakubo ilishangilia kitu mara ya mwisho.

Ukuta huo ni wa jumba la ibada la Safina Nyeupe, kundi lililohubiri kwamba dunia itateketea kabla karne haijageuka na kwamba watakaopona ni wale tu watakaokuwa ndani ya zege hili. Tsukuda Chinatsu, mwenye miaka thelathini na minane sasa, aliingizwa humo akiwa na miaka minne, akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Alitoka akiwa na tisa, amebebwa na askari.

"Watu wananiuliza kama leo nina hasira," anasema akimwaga maji kisogoni kabla ya kurudi kazini. "Hasira ya nini? Mimi tangu jana sijalala kwa furaha. Nimeamka mara tatu kuangalia kama mvua inanyesha!"

Furaha hiyo haikuanzia kwenye kuta. Chini ya sakafu ya jumba kuna chemchemi iliyokuwa ikimwagilia majaruba yote ya mpunga ya upande wa chini wa kijiji. Kiongozi wa Safina Nyeupe, aliyejiita Baba Nuru, alitabiri kwamba siku ya mwisho maji yote ya dunia yatakuwa sumu. Akanunua shamba lenye chemchemi, akaifunika kwa zege ili maji yabaki ya waumini wake tu, akajenga juu yake. Kijiji kikapeleka malalamiko, kikaambiwa shamba ni mali halali ya mwenyewe.

Mpunga ukafa. Kiwanda kidogo cha pombe ya mchele, kilichotegemea maji hayo, kikafunga milango. Sikukuu ya maji ya mwezi wa nane, vijana walipokuwa wakimwagiana ndoo huku ngoma ikilia, ikafutwa mwaka ule ule na haijarudi.

Ndani ya uzio mambo yalikuwa mabaya zaidi. Waumini waliojaribu kuondoka walifungiwa vyumbani, na wawili walifia humo. Polisi walipoingia alfajiri moja ya baridi, Baba Nuru alikutwa amejificha ndani ya tangi tupu. Alihukumiwa kifungo cha maisha na akafia gerezani. Dunia haikuteketea, ila Hirakubo ilibaki na jina la Safina.

"Ukisema unatoka Hirakubo, mtu anasogeza kiti," anasema Mzee Hosaka. "Watoto wetu wakienda sekondari mjini wanaitwa 'safina'. Mwanangu alichumbia, upande wa pili ukauliza: 'Hirakubo ile ile?' Ndoa ikaishia hapo hapo mezani, chai haijapoa."

Bibi Ozawa Sumie, aliyekuwa akifundisha mazoezi ya viungo na ya kuvuta pumzi kwenye ukumbi wa kijiji, alipoteza wanafunzi wote ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu Safina Nyeupe iliwanasa watu kwa madarasa kama hayo. "Kuvuta pumzi tu jamani!" anasema, na sasa anaweza kucheka. "Wananiangalia kama nimeua. Mpaka leo nchi hii, mgeni akibisha hodi na kikaratasi cha dini, watu wanajifanya hawapo. Taa imewaka, televisheni inapiga kelele, lakini eti hawapo!"

Kwa Chinatsu, jina hilo lilimfuata kila mahali. Alikulia kwenye kituo cha watoto katika mji mwingine. Wakati huo mama yake, Kimie, alibaki na masalia ya kundi kwa miaka mingine sita, akingoja tarehe mpya ya mwisho wa dunia, kisha nyingine, kisha nyingine. Chinatsu alipata kazi kwenye duka la mikate. Gazeti moja la udaku likaandika habari za "watoto wa Safina wako wapi sasa", na kesho yake mwenye duka akamwomba kwa upole sana asirudi. Alipotaka kuolewa, wazazi wa mchumba walimlipa mpelelezi achunguze ukoo wake. Pete ilirudishwa kwa posta.

"Kwa hiyo nilipokwenda kuomba kazi ya ubomoaji nikasema, leo sifichi," anasimulia. "Kabla hata sijakaa nikamwambia bosi: 'Mimi nimekulia Safina Nyeupe.'"

Bosi huyo, Nishiwaki Tatsuo, mtu mnene mwenye taulo shingoni kiangazi na kipupwe, anaikumbuka siku hiyo. "Nikamuuliza, una leseni ya udereva? Akasema hana. Nikamwambia, basi hilo ndilo tatizo lako, siyo hayo mengine."

Alimlipia mafunzo. Sasa Chinatsu ana leseni ya kila mashine iliyoko kwenye yadi ya kampuni, na mshahara wake, karibu yeni laki tatu kwa mwezi, unatosha kodi, chakula na kumtumia mama yake kidogo. Mahakama ilipotoa eneo hilo kwa kijiji, na kijiji kikatangaza zabuni ya kubomoa majengo, Nishiwaki alimwita pembeni. Alimwambia anaweza kumpa kazi hiyo dereva mwingine, asijisikie vibaya.

"Nikamwambia, bosi, ukimpa mtu mwingine kile kijiko nitakulaza chini yake."

Mpaka saa tano jua limepanda, na kuta nne zimekuwa lundo. Vijana wawili wanamwagia vumbi maji kwa mpira. Kila nondo ikikatika watu wanaitikia kwa pamoja "Ooo!" kama wanaoangalia fataki. Halafu kelele zinapungua zenyewe, kwa sababu kilichobaki ni sakafu.

Hakuna anayejua kama chini yake bado kuna kitu. Mhandisi wa maji aliyeletwa na kijiji, kijana mpole mwenye miwani, ameeleza tangu wiki iliyopita kwamba chemchemi iliyozibwa miaka mingi inaweza kuwa imetafuta njia nyingine. Hata hivyo, jana jioni kijiji kizima kilishuka na makoleo kuzibua mfereji wa zamani, kuanzia ukingo wa jumba mpaka kwenye jaruba la kwanza la Mzee Hosaka. Waling'oa magugu ya miaka thelathini. Walifanya hivyo bila kuambiana kwa nini, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni ambaye hajasema kama atakuja.

Chinatsu anapiga katikati ya sakafu. Bamba la kwanza linapasuka, analibinua kwa ncha ya nyundo, analisukuma pembeni. Watu wanasogea mpaka kamba inavutika.

Mchanga. Mkavu, wa rangi ya majivu.

Anabinua bamba la pili. Mchanga tena, na harufu ya kutu.

"Imekufa," anasema bibi mmoja taratibu. Mzee Hosaka anavua kofia, anaifuta ndani kwa kitambaa, anaivaa tena. Nishiwaki anatazama saa na kutangaza mapumziko ya chakula. Chinatsu anashuka na donge lake la wali lililofungwa kwa mwani, analiuma mara moja, kisha anabaki amelishika.

"Bosi," anasema. "Tupige ule upande wa mashariki."

"Kwa nini huko?"

"Watoto tulikuwa tunalala humu ndani, mia na kitu. Kiangazi joto linaua. Tulikuwa tunagombania ile kona. Ukiweka shavu sakafuni pale, baridi mpaka masikioni. Mimi nilipigwa mateke mengi kwa ajili ya ile kona."

Nishiwaki anamgeukia mhandisi, na mhandisi anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mimi ramani yangu inasema mashariki tangu jana. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize!"

"Sasa wewe ulinyamaza nini, baba?" anauliza Nishiwaki.

"Mlikuwa mnashangilia sana. Niliogopa kuwakatisha."

Wali unarudi kwenye kifungashio. Kijiko kinageuka kuelekea mashariki.

Zege la huko ni nene. Nyundo inagonga, inaruka, inagonga tena. Chinatsu hapepesi macho. Ufa unatokea, mwembamba, na rangi yake ni tofauti na nyufa nyingine. Ni mweusi. Mzee Hosaka anaukazia macho, kisha anasimama.

"Zima mashine!" anapiga kelele. "Zima, zima!"

Chinatsu anazima. Kimya kinashuka juu ya watu wote wale, na ndani ya kimya hicho unasikika mlio mdogo, kama wa mtu anayesukutua koo.

Anawasha tena. Anachomeka ncha ya nyundo ndani ya ufa, anavuta. Bamba linagoma. Anavuta tena, mashine inainuka kidogo kwa nyuma, Nishiwaki anapunga mikono akimwambia apunguze. Anapunguza, anasogea upande, anavuta kwa mara ya tatu, na bamba linafumuka kama kifuniko cha sufuria.

Maji yanatoka ya kahawia, mazito, yakibeba majani yaliyooza na vipande vya mbao. Yanajaa kwenye shimo, yanazunguka, yanasita kana kwamba yamesahau njia. Kisha yanaukuta mfereji.

Hapo ndipo Hirakubo inapopoteza adabu zake zote. Kamba ya njano inakatika. Watu wanakimbia kando ya maji, wakubwa kwa wadogo, wakiyaita na kuyapigia makofi kama farasi wa mashindano. "Twende! Twende! Usisimame hapo!" Bibi Sumie anakimbia na viatu mkononi. Mwenye duka la visu anateleza na kuingia mfereji mzima, na anapoinuka amelowa anaomba asitolewe. Maji yanafika kwenye jaruba la Mzee Hosaka, yanaingia, yanatanda juu ya udongo mkavu uliopasuka, na udongo unatoa sauti ya kunyonya. Nyuma yao, kwenye chemchemi, rangi ya kahawia inaanza kuondoka.

Chinatsu hajashuka. Ameketi ndani ya kijiko, mikono yake bado iko kwenye vishikio.

Mzee Hosaka ndiye anayerudi kumfuata. Amechota maji masafi kwenye helmeti aliyompokonya mmoja wa vijana, na anapanda ngazi ya mashine huku yanamwagika.

"Kunywa."

Chinatsu anaiangalia ile helmeti. Watoto wa Safina walipewa kikombe kimoja cha maji haya asubuhi, na aliyemwaga hata tone aliambiwa kwamba siku ya mwisho ataachwa nje ya mlango. Anainua helmeti kwa mikono miwili. Anakunywa kwa pupa, maji yanamtiririka kidevuni, kifuani, mpaka kwenye magoti. Anayobakiza anajimwagia kichwani.

"Helmeti ya nani hii?" anauliza akihema. "Ina ladha ya jasho!"

"Ndiyo ladha ya Hirakubo," anajibu Mzee Hosaka. "Karibu nyumbani."

Hapo ndipo analia, na Mzee anageuka kuangalia milima mpaka amalize.

Jioni, zege likiwa linapakiwa kwenye malori, Chinatsu anampigia simu mama yake. Kimie, mwenye miaka sitini na saba, anafanya usafi kwenye hoteli moja mjini Kofu na hajakanyaga Hirakubo tangu alipoihama. Kila alipoalikwa alijibu kwa swali: uso wake ataupeleka wapi mbele ya watu wale? Chinatsu anasema hakuwahi kumlazimisha. Kuna mambo ambayo bado hajamsamehe mama yake, na anamwambia hivyo waziwazi, na bado wanapigiana simu kila Jumapili.

"Mama, maji yametoka."

Upande wa pili, sauti ndogo: "Ya baridi?"

"Mpaka meno yanauma."

"Na watu? Walisema nini?"

"Hawakusema. Walikimbia."

Kijiji kimekwisha kupanga kurudisha sikukuu ya maji mwezi wa nane mwakani, na vijana wamemwambia Chinatsu kwamba zamu ya kwanza ya ngoma ni yake, ajue kupiga asijue. Yeye ana mpango mwingine unaotangulia huo. Mzee Hosaka, ambaye mwanawe hataki kilimo, amekubali kumwachia jaruba moja. Majira ya kuchipua, mwenye leseni ya kila mashine atashika miche kwa mkono kwa mara ya kwanza maishani mwake, na anataka mavuno ya kwanza yaliwe na watu waliojaa kando ya ile kamba leo.

"Nimebomoa majengo mpaka nimesahau hesabu," anamwambia mama yake. "Sasa nataka kitu kiote nikiwa nakiangalia."

Simu bado iko mkononi, spika ikiwa wazi. Kimie anauliza, taratibu sana, kama anayeuliza kwa niaba ya mtu mwingine, kupanda mpunga ni mwezi gani, na treni ya kwanza kutoka Kofu ni ya saa ngapi.

Mzee Hosaka, ambaye tangu awali alikuwa akijifanya hasikilizi, anashindwa kujizuia.

"Mwambie aje na viatu vya mpira, huku majarubani kumejaa tope!" anapiga kelele kutoka kwenye jaruba, maji yakiwa yamemfika magotini. "Na alale kwangu!"