Siku Niliyojifanya Najua Kiholanzi

Daftari, wewe huwezi kunicheka, kwa hivyo wacha nikiri: Jumamosi nilijiaibisha mbele ya ukumbi mzima pale Northfield, na hadi leo nikikumbuka nafunika uso na mto.

Anti Wairimu, dadake baba, alikuwa anatukutanisha na watu wa mchumba wake, Pieter, akaniomba nimkaribishe Mama Pieter kwa Kiholanzi (Kiingereza kinampiga chenga, kama mimi na hesabu). Pieter aliniandikia mistari minne. Shida ilikuwa neno moja, saamhorigheidsgevoel, yaani ile hali ya kujisikia mko pamoja. Nililikata kwa penseli, saam-ho-rig-heids-ge-voel, nikalisoma wiki nzima kwenye basi, kipande baada ya kipande, hiyo g nikiikwaruza kooni mpaka jirani yangu akahama kiti.

Siku yenyewe likatoka laini kabisa. Mimi, ambaye hata darasani siinui mkono. Vigelegele vikapigwa, Mama Pieter akaja akanishika mikono yote miwili akaanza kuongea, na hapo ndipo nilipaswa kusema sijui, lakini watu walikuwa wananitazama kwa fahari, nikasema "ja", yaani ndiyo. Akaendelea, macho yakamjaa machozi. Akauliza kitu. Nikasema "ja" tena.

"Haya, tuambie amesemaje," Anti akasema. (Pieter alikuwa ametoka kuleta sufuria za pilau kutoka kwa gari.)

"Anashukuru. Anasema amefurahi sana."

Makofi yakalipuka, mjomba mmoja akapiga mluzi, na Mama Pieter akaketi kama mtu aliyesukumwa.

Pieter aliporudi akamwinamia mamake wakaongea, kisha akaniangalia bila hasira, afadhali angekasirika.

"Baba yangu alifariki mwaka huu," akasema. "Mama aliomba tunyamaze kidogo kumkumbuka. Alikuuliza kama ni sawa, ukamwambia ndiyo."

Anti hakunigombeza. Alisimamisha watu wote, tukanyamaza, nikasikia friji ya jikoni ikinguruma.

Baadaye nilimwomba Pieter anifundishe kusema "sielewi", nikamwendea mamake mimi mwenyewe, nikamwambia. Akavuta kiti karibu, akaanza kunieleza upya habari za mumewe, polepole, akionyesha kwa mkono jinsi alivyokuwa mrefu, na kila nilipopotea nilisema sielewi, naye akarudia.